Ohio State 2024: walizomewa kwao Novemba, Januari wakabeba kombe (uzi mrefu)

#1 (mleta uzi)

Wakuu, juzi kuna mdau kasema humu kwamba ubingwa wa Ohio State, timu ya chuo kikuu huko Marekani, wa msimu wa 2024 ni wa kununua, walikusanya wachezaji kwa hela halafu mchujo mpya wa timu 12 ukawabeba. Hilo neno limenikaa kooni siku mbili, leo nalitoa. Hii timu nimeifuatilia mechi zote 16, nyingine usiku wa manane watu wamelala, na ninachosema ni kimoja: walibeba kombe kwa sababu waliacha kucheza kwa uoga, na naweza kuwaonyesha mechi waliyoogopa na mechi walipoacha. Asiyependa kusoma apite kimya kimya.

Kwa wageni wa huu mchezo, futiboli ya Kimarekani, fasta fasta. Una majaribio 4 ya kusogeza mpira yadi 10, ukifanikiwa unapewa mengine 4, ukishindwa mpira unaenda kwa wenzako. Unaweza kukimbia nao au kupasia, na anayegawa anaitwa kwotabeki. Ukiingia nao eneo la mwisho ni tachidauni, pointi 6, halafu unapewa nafasi ya kuongeza 1 au 2. Ukikwama karibu unamwita mpigaji aupitishe kwa mguu katikati ya nguzo, hiyo fildigoli, pointi 3. Huyo mpigaji mkumbukeni, anaitwa Jayden Fielding, nitarudi kwake.

Haya. Kikosi kilivyokuwa hata mimi nilicheka. Kwotabeki Will Howard katoka chuo kingine, Kansas State. Mkimbiaji Quinshon Judkins katoka Ole Miss. Caleb Downs, beki wa nyuma, kijana mdogo lakini anasoma mchezo kama mzee, katoka Alabama. Halafu wale wenyeji ambao wangeweza kwenda NFL, ligi ya kulipwa, wakakataa, kina Jack Sawyer, JT Tuimoloau, Emeka Egbuka, TreVeyon Henderson, Donovan Jackson, wakasema tunabaki tumfunge mtani wetu Michigan, tubebe ligi yetu ya Big Ten, tubebe ubingwa wa taifa. Na juu ya hapo kuna mtoto wa mwaka wa kwanza, Jeremiah Smith, huyu sitaki hata kumuelezea, katafuteni picha zake za kudaka kwa mkono mmoja. Kocha mkuu Ryan Day akampa Chip Kelly kazi ya kupanga mashambulizi, na Kelly aliacha ukocha mkuu wa chuo cha UCLA kuja kuwa msaidizi! Mtu haachi kiti hivyo hivyo.

Mechi za mwanzo naruka, walikuwa wanakanda watu tu, Western Michigan kala 56-0, basi.

Ya kwanza kuuma ni Oregon, tarehe 12 Oktoba, ugenini. 32-31. Mwishoni Ohio State wana mpira, zimebaki sekunde 10, wanahitaji wasogee kidogo tu wapige fildigoli. Oregon wakaingiza mtu wa 12 uwanjani! Ni kosa, adhabu yadi 5, lakini saa ilishakula sekunde 4, na kwa aliyehitaji sekunde hizo zilikuwa dhahabu. Ujanja wa kocha Dan Lanning huo, na wiki ile ile wasimamizi wakabadilisha namna ya kuitafsiri hiyo sheria. Zikabaki 6, Howard akakimbia na mpira, akateleza chini ili asimamishe saa, anainua kichwa saa inasoma sifuri. Nilibaki nimeshika simu kama mtu aliyepokea taarifa ya msiba. Mechi hiyo hiyo wakampoteza Josh Simmons, mlinzi wa kushoto wa kwotabeki, goti, msimu kwisha. Baadaye kwenye mazoezi akaumia na Seth McLaughlin wa katikati. Kwa hiyo ile kauli ya "walikuwa na kila kitu" ina matundu, ukuta wa mbele ulikuwa umefumuka na Jackson akahamishwa kwenda kuziba kushoto, sehemu ambayo siyo yake.

Kwa Penn State, Ohio State wakashinda 20-13 ugenini, na hii naitaja kwa kitu kimoja. Robo ya mwisho Penn State wana mpira yadi 3 kutoka mstari, majaribio manne, hawakuingia. Manne! Halafu Ohio State wakachukua mpira na dakika 5 na ushee na hawakuurudisha tena, wakamaliza saa yote kwa kukimbia tu, kukimbia, kukimbia, watu wanaona na hawawezi kufanya kitu. Tamu sana. Ila nadhani hiyo mechi ndiyo iliyowadanganya. Wakajiona wao ni watu wa kubeba zege.

Tarehe 30 Novemba akaja Michigan.

#2

Mkuu usikatishe hapo sasa ndo nilikuwa naweka mto vizuri

#3 (mleta uzi)

Nakuja mkuu, nilikuwa napumua, hii mechi mpaka leo siiangalii marudio.

Michigan waliingia wana ushindi 6 na vipigo 5. Bingwa mtetezi ndiyo, lakini kocha Harbaugh alishaondoka, kwotabeki hawana, nyota wao wawili, Will Johnson na Colston Loveland, hawachezi. Wachambuzi wa kamari waliwapa Ohio State ushindi wa kama pointi 20. Na mwisho wa siku Michigan hata yadi 100 za pasi hawakufikisha. Sasa soma matokeo: 13-10, Michigan kashinda, ndani ya uwanja wenye watu zaidi ya 100,000 wenye nguo nyekundu. Mikeka iliyochanika siku ile haihesabiki.

Kilichotokea ni hiki. Michigan walikuwa na kitu kimoja kizuri kweli, majabali mawili katikati ya ukuta wao, Mason Graham na Kenneth Grant. Kila mtu alijua usipite pale. Ohio State wakapita pale. Wakakwama. Wakapita tena. Upande wa nje kuna Smith, kuna Egbuka, kuna Carnell Tate, wachezaji ambao hakuna timu ina mabeki watatu wa kuwakaba wote, na kocha anatuma mtu akapige kichwa ukutani. Yadi 77 tu za kukimbia mechi nzima. Smith akaishia na yadi 35. Kipindi cha pili chote hawakupata pointi hata moja, yaani sifuri, timu ile!

Howard naye kanyang'anywa pasi mbili, moja ikawapa Michigan mpira mlangoni kabisa wakaingiza tachidauni yao pekee. Na Fielding akakosa fildigoli mbili, zote chini ya yadi 40, zile ambazo mpigaji wa chuo kikubwa anatakiwa kupiga huku anapiga miayo. Pointi 6 hizo. Umefungwa kwa 3. Fanya hesabu mwenyewe.

Mwishoni Kalel Mullings wa Michigan jaribio la tatu akaponyoka katikati ya msitu wa watu yadi 27, wakapiga fildigoli zimebaki sekunde 45, kwisha habari. Wakataka kusimika bendera yao katikati ya uwanja, ngumi zikalipuka, Sawyer akaichana ile bendera kutoka kwenye mti wake, polisi wakamwaga pilipili. Big Ten ikawalima vyuo vyote viwili faini ya dola 100,000 kila kimoja. Lakini kilichonibaki kichwani ni Day, kasimama pembeni anaangalia ile vurugu kama mtu aliyeshuka kituo ambacho siyo chake. Kipigo cha nne mfululizo kwa Michigan. Watu wanamzomea, wanataka aondoke usiku ule ule.

#4

Sasa mleta mada hapa ndo mimi nakuuliza. Timu imefungwa nyumbani na timu mbovu, haijacheza hata fainali ya ligi yake, halafu inaitwa bingwa wa nchi? Mfumo wa zamani wa timu 4 hawa wangekaa nyumbani wanakula karanga. Kamati ya kupanga mchujo iliwaweka wa 6.

#5

Naunga mkono #4, na ongeza hela. Mkurugenzi wa michezo wa chuo Ross Bjork alisema kwa mdomo wake kikosi ni kama dola milioni 20. Milioni ishirini kwa wanafunzi! Tuache kupambana na ukweli

#6 (mleta uzi)

#4 hapo uko sahihi na sibishi, kwa hiyo nafasi ya 6 zamani wangeachwa. Msimu wa 2024 ndio wa kwanza wa timu 12. Lakini angalia mfumo huo ulivyowapa njia: kwa vile viti 4 vya juu vilihifadhiwa kwa mabingwa wa ligi, Boise State na Arizona State wakawaruka, Ohio State wakashushwa mpaka namba 8. Maana yake ukishinda ya kwanza unakutana na namba 1, Oregon, ambao hawajafungwa na mtu. Hiyo ni mbeleko gani? Mtoto anabebwa anaelekezwa mdomoni kwa simba. Msimu uliofuata huo upangaji wakautupa.

#5 hela ipo, sikatai. Tangu 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao, na uhamisho umekuwa huria, na Ohio State wametumia. Ila hela ile ile ndiyo iliyokuwa uwanjani siku ya Michigan. Wachezaji wale wale, mishahara ile ile, pointi 10. Halafu siku 21 baadaye pointi 42. Kama ni hela, kati ya tarehe 30 Novemba na 21 Desemba nani aliongeza hela?

#7

😂😂 hapo kwenye nani aliongeza hela umemmaliza

#8

Mimi ni wa Michigan, salamu kwenu. Sina la kubisha sana, kombe mmechukua. Ila naomba iandikwe humu kwa wino usiofutika: tuliwafunga na timu ya kuokoteza, halafu tukaenda kumfunga na Alabama 19-13 tukamaliza 8-5. Kombe lenu lina alama ya kiatu chetu. Asanteni, naenda zangu

#9 (mleta uzi)

Mtani nimekusikia, kiatu kinaonekana kweli hata kwenye picha 😂. Na hapa ndipo nilipotaka kufika.

Baada ya kile kipigo walikaa kikao, timu na makocha, kikali, watu wakatoa ya moyoni. Nini hasa kilisemwa wanajua wao, mimi nahukumu kwa nilichoona uwanjani. Tarehe 21 Desemba, mechi ya kwanza ya mchujo, Tennessee anakuja Columbus kwa Ohio State, baridi ya kugandisha mate, na jukwaani rangi ya chungwa ya Tennessee imejaa mpaka unajiuliza mwenyeji nani. Mpira wa kwanza, wa pili, Howard anarusha. Anarusha nje, anarusha mbali, anamtafuta Smith. Robo ya kwanza imeisha 21-0. Robo moja! Mechi ikaisha 42-17, Smith yadi 103 na tachidauni mbili. Nikajisemea hawa wameacha ubishi.

Mwaka mpya, robo fainali kwenye Rose Bowl, Oregon yule yule wa mtu wa 12. Kabla ya mapumziko ilikuwa 34-0. Nasema tena, thelathini na nne kwa sifuri, dhidi ya timu namba 1 ambayo haijafungwa. Smith peke yake yadi 187. Mabeki wa Oregon walikuwa wanamuangalia anavyopita kama abiria aliyeachwa na gari. Ikaisha 41-21.

Nusu fainali Texas wakawa wajanja, wakasema Smith hagusi mpira, wakamkaba watu wawili usiku kucha, akapata yadi 3. Sawa, basi sekunde chache kabla ya mapumziko Henderson akapewa pasi fupi ya kudanganyia, majitu ya mbele yakamfungulia njia, yadi 75 moja kwa moja. Hiyo ndiyo faida ya kuwa na watu wengi wa kurushia, ukimziba huyu yule anakuliza.

Halafu ile ya Sawyer. Ohio State 21, Texas 14, zimebaki dakika chache, Texas wana mpira YADI MOJA kutoka mstari na majaribio yote manne. Mimi nilishaanza kupiga hesabu za kipindi cha nyongeza. Jaribio la pili Texas wakajaribu kuzunguka pembeni badala ya kuingia katikati, wakadakwa wakarudishwa nyuma yadi 7. Kufika la nne, kwotabeki wao Quinn Ewers karudi kurusha, Sawyer kazunguka kutoka pembeni kampiga mkono, mpira ukachomoka, na ukadunda ukaja mikononi mwake kama umeitwa jina. Kakimbia nao uwanja mzima, yadi 83, jitu la kilo zaidi ya 110 linakimbia mdomo wazi, unaona kabisa pumzi imekata yadi 20 kabla lakini miguu inagoma kusimama. Sasa kinachonoga ni kwamba Ewers 2021 alikuwa Ohio State, na Sawyer ndiye aliyekuwa anakaa naye chumba kimoja. Na Sawyer ndiye yule wa bendera ya Michigan. 28-14.

#10

Hiyo ya yadi 1 mimi mpaka kesho sijamuelewa kocha wa Texas. Una yadi moja bana, sukuma watu katikati mara 3 hutaingia kweli? Kwenda pembeni ni kujitafutia makubwa

#11 (mleta uzi)

Ndo uoga wenyewe huo mkuu ila kwa sura nyingine. Kuogopa katikati kwa vile jaribio la kwanza walizuiwa. Mimi sijui ningefanya nini, maana ukuta wa Ohio State pale ulikuwa unatisha, lakini pembeni una mabeki wenye mbio wote wanakuangalia wewe tu.

#12

Malizia fainali mkuu, na huyo mpigaji ulisema tumkumbuke mpaka sasa hujarudi kwake

#13 (mleta uzi)

Fainali 20 Januari 2025, Atlanta, Notre Dame. Hawa nao wana hadithi yao, Septemba walifungwa kwao na Northern Illinois 16-14 watu wakawazika. Kwa hiyo waliofufuka walikuwa wawili uwanjani.

Notre Dame wakaanza na mpira wakakaa nao karibu dakika 10, majaribio 18, kwotabeki wao Riley Leonard anajigongesha mwenyewe kama trekta, 7-0. Nikasema ehe. Halafu Howard akaanza. Pasi 13 za kwanza zote zilifika. Zote. Judkins akakimbia yadi 70 mwanzo wa kipindi cha pili. Pointi 31 mfululizo bila majibu, 31-7, na katika hizo kuna fildigoli ya yadi 46 ya... Fielding. Ndiyo, yule yule.

Sasa wakalegea. Notre Dame tachidauni na mbili za nyongeza, 31-15. Tena vile vile, 31-23. Pengo pointi 8, wakipata mpira tu wanaweza kusawazisha. Zimebaki kama dakika 2 na nusu, Ohio State wako nyuma huko upande wao, jaribio la tatu na wanahitaji yadi 11.

Simameni hapa kidogo. Kila kocha mwenye akili za kawaida hapo anakimbia na mpira, saa inatembea, anapiga mpira mbali, anawaachia ulinzi. Hata mimi nyumbani nilisema kimbia, kimbia! Day wa tarehe 30 Novemba angekimbia katikati bila kupepesa macho. Badala yake Howard karudi nyuma, Smith kule kulia kakabwa na mtu mmoja tu, Christian Gray, kwa sababu Notre Dame wamejaza watu mbele. Mpira ukaenda juu. Mrefu. Ulikaa hewani mpaka nikasimama. Smith kampita beki hatua mbili, kaudaka, yadi 56, mtoto wa mwaka wa kwanza kwenye mchezo wa kuamua msimu mzima.

Basi hapo ndo jibu langu kwa mdau wa juzi. Hela inakuletea Smith, kweli. Kumrushia mpira pale, baada ya kile kilichokupata Novemba, ni kitu kingine.

Wakamaliza 14-2. Walioahidi mambo matatu wakapata moja, maana Michigan iliwashinda na Big Ten hawakuiona. Mwezi Aprili wachezaji wao 14 wakachaguliwa NFL, wanne raundi ya kwanza, akiwemo Simmons na goti lake. Day aliyekuwa anafukuzwa akapewa mkataba mpya wa wastani wa dola milioni 12.5 kwa mwaka, hapo #5 unaweza kulalamika nitakuelewa 😂

#14

Mimi nakaa na msimamo wangu wa hela ila uzi mzuri. Ila bado hujamaliza ya mpigaji, baada ya Smith kudaka nini kikatokea?

#15 (mleta uzi)

Wakakwama pale karibu, saa ikaliwa mpaka sekunde 26, akaitwa Fielding. Yadi 33. Pungufu ya zile mbili alizokosa siku ya Michigan. Akipata pengo ni pointi 11, mechi imeisha, akikosa Notre Dame wana mpira na pengo ni 8.

#16

Na wewe ulikuwa unawaza nini hapo?

#17 (mleta uzi)

Mkuu sikuangalia. Nilifunika uso na mto, nikasikia kishindo cha mguu, halafu kimya kidogo, halafu mtangazaji akaanza kupiga kelele. Nilichungulia nikaona 34-23.